Utoe au usitoe? Mwongozo wa kuamua mambo ya maadili kwa waandishi, watengeneza matangazo na maofisa uhusiano

Kila kundi jipya la vijana likiingia kazini, maswali ni yale yale. Nipokee nauli niliyopewa na waandaaji wa semina? Picha ya maiti niiweke? Mteja anataka tuandike kwamba dawa yake inatibu kisukari, nifanyeje? Bosi ameniagiza niwaambie waandishi kiwanda hakijafungwa, na mimi najua kimefungwa. Kujibu moja moja kwenye simu kumenichosha, kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa utaratibu mmoja.

Utaratibu huu haukupi jibu. Unakufikisha kwenye jibu unaloweza kulitetea mbele ya mhariri na, kubwa zaidi, mbele ya mtu uliyemwandika au uliyemuuzia.

Mfano mmoja nitaurudia mara kwa mara: kikombe cha Babu wa Loliondo. Kwa waliokuwa wadogo wakati huo: Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alikuwa kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa inatibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa imepita kilomita 20. Watu walitoka mikoa yote na Kenya, wengine kwa helikopta, wengine wametolewa wodini. Wapo waliofia njiani na wapo waliofia kwenye foleni. Magazeti yaliandika kila siku, wenye magari walitafuta abiria, mawaziri walikunywa na picha zao zikachapishwa. Kazi zetu zote tatu zilikuwa pale pale kwenye vumbi lile, ndiyo maana nimeuchagua.

Kabla hujaanza, kuwa na vitu hivi

- Daftari au faili moja la maamuzi. Lisiwe la kila mtu na lake. Liwe la dawati zima.
- Kanuni za maadili zinazokuhusu, zilizochapwa kwenye karatasi. Tanzania ni za Baraza la Habari (MCT), Kenya ni za Media Council. Ofisa uhusiano atafute za chama chake. Kenya kuna PRSK.
- Orodha ya sheria zinazokugusa. Tanzania: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya: sheria ya Media Council ya 2013 na ile ya ulinzi wa data ya 2019. Huhitaji kuzikariri. Unahitaji kujua ipi ufungue.
- Mtu mmoja wa kukupinga, asiyehusika na kazi hiyo. Asiwe rafiki anayekubali kila kitu.
- Jibu la kweli la swali hili: mwezi huu nani amenilipa, na kwa kazi gani?

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Hivi hii ni sawa kimaadili?" ni mjadala wa kijiweni. Swali la kazi lina kitendo na saa. Mwandishi: "Tusome kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwamba kikombe kinaponya UKIMWI?" Mtengeneza matangazo: "Tuweke ubavuni mwa basi maneno Safari ya Uponyaji?" Ofisa uhusiano wa mkoa: "Tutoe leo idadi ya waliofia foleni, au tusubiri Jumatatu?" Hayo yanajibika.

Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, huenda una maswali mawili. Yatenganishe. Kuchapisha habari ya mwalimu aliyekamatwa ni uamuzi mmoja. Kutaja shule anayosoma mtoto anayehusishwa na tukio hilo ni mwingine. La kwanza likijibiwa ndiyo, halilibebi la pili mgongoni.

Hatua ya 2: Jua umekaa kiti gani, na nani anakilipia

Waliosoma chuoni wanalijua sanduku la Potter, maswali manne aliyoyapanga Ralph Potter wa Harvard miaka ya 1960: ukweli wenyewe ni upi, tunathamini nini, kanuni ipi inahusika, tunamtumikia nani. Hilo la mwisho mimi nalitanguliza, maana huku kwetu ndilo linaloharibu mengine yote.

Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi. Huyo huyo anatafutia gazeti matangazo na kupata asilimia yake. Jumamosi ni mshereheshaji kwenye hafla ya halmashauri, na taarifa ya halmashauri kwa vyombo vya habari ameiandika yeye. Jumatatu anatumwa kuandika hoja za ukaguzi za halmashauri hiyo hiyo. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema ana viti vitatu na amevikalia vyote kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo andika: katika jambo hili, mimi ni nani?

Ukiwa mwandishi, unamtumikia msomaji au msikilizaji, hata habari ikimuudhi anayelipa matangazo. Ukiwa mtengeneza matangazo, unamtumikia mteja, lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba hilo ni tangazo na kwamba linalodaiwa ni kweli. Ukiwa ofisa uhusiano, unamtetea mwajiri wako na unaruhusiwa kunyamaza juu ya baadhi ya mambo. Kudanganya huruhusiwi. Tofauti ya kunyamaza na kudanganya ndiyo kazi yenyewe ya uhusiano. Asiyeiona hajaanza kazi.

Ukijikuta na viti viwili kwenye jambo moja, achia kimoja kabla hujagusa kalamu. Mwombe mhariri ampe mwingine. Hakuna mwingine? Basi msomaji aambiwe ndani ya habari yenyewe kwamba mwandishi aliwahi kuifanyia kazi halmashauri hiyo. Ni sentensi moja tu, na inauma kuiandika, lakini ikisemwa na mtu mwingine itauma zaidi.

Sasa bahasha. Iite bahasha ya kaki, mshiko, posho, au *coupage* kama wanavyosema wenzetu wa Kongo. Kanuni za maadili zinaikataza, na kila aliyewahi kwenda kwenye mkutano na waandishi anajua inapokelewa. Kumwambia kijana anayelipwa fedha kiduchu kwa habari "usipokee", halafu ukamwachia atafute mwenyewe nauli ya kwenda wilayani na kurudi, ni unafiki wetu wahariri. Nashauri hivi:

- Nauli iombwe ofisini kwanza. Ofisi ikisema haina, mwandikie mhariri ujumbe: mwandaaji anajitolea usafiri, wenye thamani hii, naomba uamuzi wako. Uandike kabla ya safari.
- Nauli ni tiketi ya kwenda na kurudi. Kinachozidi hapo kina jina lingine.
- Usisaini karatasi ya posho kwa jina la chombo chako bila ofisi kujua. Karatasi ile itakaa kwenye faili la mtu mwingine kwa miaka, na siku moja itafunguliwa.
- Mwandaaji akikuuliza "itatoka lini?" huku hela yake iko mfukoni mwako, irudishe siku hiyo hiyo.

Na wewe ofisa uhusiano usijifanye huhusiki. Unayepanga bahasha mezani ni wewe. Kodi basi dogo liwachukue wote, weka maji na chakula, andaa nyaraka zinazosomeka na msemaji anayejibu. Mkutano ambao hauendi bila bahasha kwa kawaida hauna habari.

Hatua ya 3: Chora safu tatu

Safu ya kwanza: ninachojua, kwa kuwa nimekiona au nina hati yake. Ya pili: nilichoambiwa, na nani, mwenye maslahi gani. Ya tatu: ninachodhani.

Twende Samunge. Foleni ipo, kikombe ni Sh 500, watu wanakunywa: safu ya kwanza. Mama mmoja anasema sukari yake imeshuka, mchungaji anasema ameoteshwa: safu ya pili. Dawa inafanya kazi: safu ya tatu. Na hapa wajuzi wengi hujikwaa, maana "huyu babu ni tapeli" nalo ni la safu ya tatu. Dhana haigeuki kuwa ukweli kwa sababu imetoka kwa msomi.

Mtu akisema amepona UKIMWI, una maswali ya kumuuliza: ulipimwa wapi kabla, lini, umepimwa wapi baada, cheti kiko wapi, na dawa za ARV umeacha au unaendelea? Wengi hawakuulizwa. Waliulizwa "unajisikiaje?", na mtu aliyesafiri siku tatu kwa imani atakujibu anajisikia vizuri.

Kuna mtego mwingine uliojitokeza wakati ule. Kusema dawa haina sumu na kusema dawa inatibu ni mambo mawili mbalimbali, na yanapimwa kwa njia tofauti kabisa. Taarifa ya kwamba kitu ni salama kunywa ikipita mikononi mwa mwandika vichwa vya habari mwenye haraka inaweza kutoka upande wa pili ikisomeka kama ithibati ya tiba. Anayelipa ni mgonjwa aliyeacha vidonge.

Kwa tangazo, safu ni hizo hizo. Kila dai liwe na karatasi nyuma yake. "Namba moja Tanzania": kwa kipimo cha nani, mwaka gani? "Imethibitishwa na madaktari": wepi, wangapi, wamelipwa? Mteja asipokuwa na karatasi, dai linatoka, hata kama limekaa vizuri kwenye wimbo wa redio. Kwa ofisa uhusiano, sentensi ya kuogopa kuliko zote ni "hakuna aliyeumia". Nani amekwenda hospitali kuuliza?

Kosa la kawaida: kuhesabu vyombo vitano vilivyoandika kitu kimoja kuwa ni vyanzo vitano. Fuatilia nyuma. Mara nyingi utakuta vyote vimenakili ujumbe mmoja wa WhatsApp.

Hatua ya 4: Orodhesha watakaoguswa, ukianza na asiyekuwepo mezani

Mhariri yupo, mteja yupo, bosi yupo. Asiyekuwepo ni yule aliye kwenye picha. Mwandike wa kwanza.

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21. Gazeti la The New York Times likaweka mtandaoni picha ya waliouawa wakiwa wameinamia meza za mgahawa. Wakenya wakawaka, na Media Council ikalitaka gazeti liiondoe. Gazeti likakataa, likisema wasomaji wanapaswa kuona ugaidi ulivyo. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Historia ina picha nyingi za kutisha zilizozindua watu. Lakini swali walilouliza Wakenya lilikuwa zito kuliko hoja: angekuwa Mmarekani, mngeiweka? Na kuna la msingi zaidi: saa zile bado kulikuwa na familia zinazopiga simu hospitali baada ya hospitali kutafuta mtu wao, na nguo ya mtu hujulikana na mkewe hata sura isipoonekana.

Maswali ya kujiuliza kwa kila jina kwenye orodha: ndugu wameambiwa? Ni mtoto? Alikubali, na alikubali nini hasa? Aliyekubali kupigwa picha kwenye hafla hajakubali kuwa sura ya tangazo. Kenya hili limeshagharimu fedha: mwaka 2023 kamishna wa ulinzi wa data alitoza klabu moja ya Nairobi Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambao wazazi wao hawakuridhia.

Onyo: kuficha jina hakutoshi. "Msichana wa miaka 14, mtoto wa pekee wa muuza duka la dawa wa kijiji fulani, anayesoma darasa la saba" hajafichwa. Umewaficha tu wasomaji wa mbali, ambao hawana haja naye. Kijiji kizima kimeshamjua. Soma maelezo yako kana kwamba wewe ni jirani yake, kisha uondoe moja moja mpaka jirani ashindwe.

Redio ina hatari yake, maana neno likishatoka halirudi. Machi 2021 watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio, Nairobi, walimlaumu hewani mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha matangazo yake kituoni, watangazaji wakafukuzwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikatoza faini ya Sh milioni 1 na kukifungia kipindi miezi sita. Angalia aliyechukua hatua mapema: mwenye matangazo. Wanaodhani maadili ya tangazo ni maneno ya tangazo peke yake wasome tena hapo; mahali unapoweka fedha za mteja nalo ni suala la maadili.

Hatua ya 5: Pitia sheria na kanuni

Hatua hii ni fupi. Fungua orodha yako uone kama kuna katazo la wazi: utambulisho wa mtoto, shauri lililoko mahakamani, dawa isiyosajiliwa, maziwa ya kopo ya watoto wachanga (Kenya ina sheria yake ya 2012). Likiwepo katazo la wazi, umeshapata jibu, simama hapo. Ukiona sheria yenyewe inakandamiza habari ambayo umma unaihitaji, hilo ni la mhariri mkuu na mwanasheria, si la kijana wa zamu ya usiku.

Lisipokuwepo katazo, hujamaliza. "Hatujavunja sheria" ni sakafu.

Chochezi za kikabila na kidini hazina mjadala. Hapo Arusha, Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikumwachia huru hata mmoja wa watatu wale. Yeyote mwenye kipaza sauti katika ukanda huu anapaswa kuijua kesi hiyo.

Hatua ya 6: Tafuta angalau njia tatu

Ukiwa na njia mbili tu, kutoa au kutotoa, utagombana na mhariri mpaka gazeti liende mtamboni. Njia ya tatu karibu kila mara ipo.

Kwa mwandishi: subiri saa mbili, tumia picha nyingine, taja cheo bila jina, nenda ukapate upande wa pili. Kuhusu Loliondo, habari ya "kinatibu au hakitibu" haikuwa pekee. Ilikuwepo ya barabara, ya vyoo, ya wagonjwa wanaotolewa wodini, ya nani anapanga bei za nauli. Zote zingeweza kuandikwa kwa safu ya kwanza tupu, bila kumtukana mwenye imani.

Kwa mtengeneza matangazo: mwenye gari anaweza kutangaza safari ya Samunge, muda wa kuondoka na bei, bila kutia neno "uponyaji". Anauza kiti, hauzi afya. Mpe mteja maneno mbadala mkononi. Ukimwendea na katazo tupu ataenda kwa wakala mwingine saa hiyo hiyo.

Kwa ofisa uhusiano: "Tunathibitisha kuna vifo. Idadi tunaikusanya na mganga mkuu wa wilaya. Tutazungumza tena saa 10 jioni." Sentensi tatu, hakuna uongo hata mmoja, na umejipa muda. Sharti lake: saa 10 ikifika, zungumza, hata kama huna jipya.

Kuna wakati njia ya tatu ni kumkataa mteja. Kampuni ya uhusiano ya Uingereza, Bell Pottinger, ilichukua kazi ya kampuni ya familia ya Gupta huko Afrika Kusini na kuendesha kampeni iliyochochea chuki za rangi. Septemba 2017 chama cha maofisa uhusiano cha Uingereza kikaifukuza, wateja wakakimbia, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Ilikuwa ikilipwa pauni 100,000 kwa mwezi.

Hatua ya 7: Mpe mtu akupinge

Msomee yule mtu wako swali, safu tatu na njia ulizopata. Usimwambie unapendelea ipi. Mpe kazi ya kusema kwa niaba ya aliye kwenye picha au atakayenunua. Dakika tano zinatosha. Akikosa la kukupinga, huenda umemchagua vibaya.

Kosa la kawaida hapa ni la ngazi: kijana anampelekea bosi wake, bosi anasema "toa", kijana anaona amepata baraka. Agizo halijapinga chochote.

Hatua ya 8: Amua, andika sababu, weka jina

Iandike hivi, isizidi nusu ukurasa. Mfano wa kubuni:

*Swali: Tutumie picha ya mama akimnywesha mtoto kikombe, ukurasa wa kwanza kesho? Kiti: mwandishi. Tunajua: picha ni yetu, imepigwa jana. Hatujui: mtoto anaumwa nini. Wanaoguswa: mtoto (sura inaonekana, wasomaji watasema ana UKIMWI, na shule ipo), mama. Njia: ilivyo; mikono na kikombe tu; foleni. Aliyepinga: dawati la michezo, anasema mikono peke yake haina nguvu. Uamuzi: mikono na kikombe. Sababu: habari ni ya kikombe, na mtoto hajachagua kuwepo. Ameamua: jina la mhariri wa zamu.*

Jina ni muhimu. Uamuzi wa "ofisi" hauna mwenyewe, na yakiharibika atatafutwa mdogo kuliko wote.

Hatua ya 9: Ikishatoka, baki hapo

Soma wanachosema waliotajwa, achana na mashabiki. Ukikosea, sahihisha mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule. Kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi ukurasa wa 14 chini ya ratiba ya meli. Kama uliituma pia kwenye kundi la WhatsApp, masahihisho yaende kundi hilo hilo. Usifute kimyakimya; picha za skrini zimeshapigwa. Andika kilichokosewa, kilicho sahihi, na omba radhi kwa jina la aliyeumizwa, bila "kama kuna aliyekwazika".

Ukikwama

*Hakuna muda, taarifa inaanza.* Fanya hatua ya 1, ya 3 na ya 4 kichwani, na utoe ya safu ya kwanza peke yake. Mengine yatasubiri taarifa inayofuata.

*Wengine wameshatoa.* Hilo linakwambia wametoa, halikwambii kama ni kweli. Wakiwa wamekosea, atakayebaki na wasikilizaji ni yule aliyechelewa.

*Mteja anatishia kuondoa matangazo.* Usilijibu wewe mwandishi; mpelekee mhariri, naye amalizane na idara ya biashara. Andika tishio kwenye daftari, maneno aliyotumia na tarehe. Na wewe wa idara ya biashara, usiende kwenye dawati la mwandishi kumwombea mteja.

*Mteja amelipia makala na hataki neno "tangazo" lionekane.* Mwambie kwamba msomaji akigundua, na hugundua, anayechekwa ni bidhaa. Akikataa bado, hiyo kazi haipiti. Hali ni hiyo hiyo kwa msanii anayelipwa kuposti sabuni kana kwamba ameipenda mwenyewe.

*Bosi ananiagiza niseme uongo.* Mwandikie: "Naelewa tunataka kusema A. Taarifa niliyonayo ni B, kutoka kwa fulani. Napendekeza tuseme C." Mabosi wengi hulegea wakiona maandishi. Asipolegea, mwambie aseme yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Unaweza kupoteza kazi, na mimi siwezi kukuahidi vinginevyo. Ndiyo maana weka akiba na usikae na mwajiri mmoja tu kwenye simu yako.

*Chanzo kinataka kufuta alichokisema.* Alijua anaongea na mwandishi na simu inarekodi? Kiongozi au msemaji hawezi kufuta kwa sababu ameshtuka. Mama wa kijijini asiyejua mahojiano yanavyokwenda anaweza, na ni wajibu wako kumweleza kabla ya kuanza, kwa Kiswahili chepesi au lugha yake, kwamba maneno yake yatasikika na nani.

*Habari inamhusu ndugu yangu.* Toka. Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

*Picha au sauti imetengenezwa na kompyuta.* Kwenye habari, usiitumie kuonyesha tukio lililotokea, hata ukiandika maelezo chini, kwa kuwa picha itasambaa bila maelezo yake. Kwenye tangazo, unaweza, ila usitengeneze mgonjwa aliyepona, daktari asiyekuwepo, wala sauti ya mtu halisi ambaye hajaridhia kwa maandishi.